Wiki moja Addis Ababa na bibi, watoto, na baba anayetaka nyama mbichi

SWALI: Habari za kazi. Tunaishi Moshi. Mwaka huu baba watoto amesema Krismasi hatuendi Rombo, tunapanda ndege pale KIA mpaka Addis Ababa, wiki moja kuanzia tarehe 20 Desemba. Tuko sita: sisi wawili, mama mkwe (miaka 71, ana presha), kijana wa chuo (19), binti (12) na kitinda mimba wa miaka 6 ambaye pilipili ya kachumbari tu humtoa machozi. Tunataka kula vya kwao, kunywa vya kwao, na kusikia muziki unaopigwa mbele ya macho yetu. Hofu yangu ni kwamba watoto watagoma kula, baa si mahali pa bibi, na baba watoto ameshaapa kuwa atakula nyama mbichi. Tuanzie wapi?

JIBU: Dada, anzeni na tarehe. Hiyo ndiyo itakayoamua mtakula nini na mtasikia muziki gani.

Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia husherehekea Krismasi, wao wanaiita Genna, tarehe 7 Januari. Kabla yake wanafunga tangu mwishoni mwa Novemba, na mfungo wao hauna masihara: hakuna nyama, maziwa, siagi wala yai, na wenye bidii hawatii kitu kinywani mpaka alasiri. Mkitua tarehe 20 Desemba mtakaa ndani ya mfungo wiki nzima, na tarehe 25 mtaamkia mji ambao watu wengi wanakwenda kazini kama kawaida. Nyama haitakosekana, kwa sababu Addis ina Waislamu na Waprotestanti wengi na hoteli hazifungi jiko. Ila shangwe ya sikukuu mtakuwa mmeiwahi kwa siku kumi na tatu.

Ningekuwa ninyi, Krismasi ningeila Rombo, shangazi wasinune, kisha ningeondoka tarehe 3 Januari na kurudi tarehe 9 au 10. Angalieni kwanza shule zinafunguliwa lini, maana tarehe hiyo hubadilika kila mwaka. Kwa mpango huu mnapata siku tatu hivi za mfungo, mnapata mkesha wa Genna, halafu mnapata siku mbili za minofu. Likizo ya katikati ya mwaka siipendekezi, mvua kubwa za kule zinaanza Juni na kukatika Septemba. Kwaresima yao nayo, yenye siku 55, haimfai mtu anayefuata muziki: harusi husimama na sehemu nyingi za ngoma hupoa.

Sasa chakula. Ushauri wangu mkubwa kuliko wote ni huu: mlo wenu wa kwanza uwe wa mfungo. Najua kwetu mgeni anaheshimiwa kwa nyama, na ndiyo maana Watanzania wakifika Addis huagiza doro wot siku hiyo hiyo. Doro wot ni mchuzi wa kuku wa sikukuu, na ni mtamu haswa. Lakini ndani yake kuna berbere, mchanganyiko mwekundu wa pilipili na viungo vingi, na kuna siagi iliyochemshwa na viungo mpaka ikapata harufu yake ya pekee. Ongeza na uchachu wa injera chini yake. Ulimi mgeni ukipigwa na vyote vitatu kwa mpigo, mtoto wa miaka 6 atasukuma sinia na hamtamrudisha tena wiki nzima.

Sinia la mfungo ni jambo jingine kabisa. Waulizieni beyaynetu ya mfungo, kwao inaitwa yetsom beyaynetu. Inakuja injera moja pana, na juu yake vifungu vidogo vidogo vya mboga na mchuzi, saba, nane, wakati mwingine zaidi. Mtakuta sukuma wiki iliyokaangwa (gomen), kabichi na karoti na viazi, adesi nyekundu za berbere, njegere kavu zilizopasuliwa na kupikwa kwa manjano, saladi ya nyanya, na shiro, yaani uji mzito wa unga wa dengu uliotiwa viungo. Vyote vimepikwa kwa mafuta ya kawaida, ile siagi haimo. Kikali na kisicho kikali vimekaa jirani, kila mtu anachovya anapotaka. Bibi atakuta nusu ya sinia anaijua tangu utotoni. Na bei yake kwa kawaida iko chini ya ile ya mlo wa nyama.

Kwa ajili ya kitinda mimba mshike neno alicha. Mchuzi wowote wenye jina hilo ni wa manjano na hauna berbere. Mchuzi mwekundu, kwa jina key wot, aachiwe baba yake. Mtoto akigoma kabisa bado hatalala njaa: Waitaliano waliikalia Ethiopia tangu 1936 hadi 1941, wakaondoka, tambi zao zikabaki. Spageti utaipata hata kwenye mgahawa mdogo wa mtaani. Mwagizieni bila kuona haya, halafu mwacheni achungulie sinia lenu mwenyewe. Kumlazimisha mtoto chakula kigeni ni njia ya haraka ya kumfanya akichukie.

Injera yenyewe imetengenezwa kwa teff, nafaka yenye punje ndogo kuliko hata ulezi. Unga unakorogwa na maji, unaachwa uchachuke siku mbili tatu, kisha unamwagwa kwa mzunguko juu ya kikaango kipana cha moto. Inaiva upande mmoja tu, na upande wa juu unajaa vitundu ambavyo ndivyo vinavyonyonya mchuzi. Aliyekulia Uchaggani akionja mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hatashangazwa na uchachu huo, ila wanao wa soda na chipsi watashangaa. Basi msisubiri Addis. Arusha kuna migahawa ya Kihabeshi, na kutoka Moshi ni safari ya asubuhi tu. Nendeni Jumamosi moja mwezi Novemba, mle beyaynetu wote sita, na hapo mtajua mapema nani atahitaji spageti. Jambo moja la kuangalia: injera inajaza tumbo polepole. Mtu anakula ya pili akidhani bado ana nafasi, nusu saa baadaye anatafuta pa kujilaza. Siku ya kwanza kuleni kidogo, hasa bibi.

Mtakula kwa mkono wa kulia, sinia moja, bila kijiko, mambo ambayo hayawapi shida. Jipya litakuwa gursha. Mwenyeji anakunja tonge la injera na mchuzi na kumlisha mgeni mdomoni kwa mkono wake. Ni heshima, na kulikataa kunaumiza. Mwandae binti wa miaka 12, kwa sababu umri huo una haya nyingi, na tonge lenyewe mara nyingi ni kubwa kuliko mdomo.

Tuje kwa baba watoto. Nyama mbichi anayoisikia ipo ya namna mbili. Kitfo ni ya kusaga, imechanganywa na siagi ile ya viungo na mitmita, pilipili kali kuliko berbere. Tere siga ni mnofu unaokatwa vipande mbele yako na kuchovywa kwenye pilipili. Waethiopia wanaipenda kweli na wanaila kwenye sherehe kubwa. Lakini minyoo ya tegu inayotokana na nyama ya ng'ombe isiyoiva inajulikana sana nchini mwao, na dawa zake za kienyeji zina historia ndefu kwa sababu hiyo hiyo. Wachagga wenzangu hujibu kwamba "mbona sisi tunakunywa kisusio", ile supu yetu ya damu. Kisusio kinapikwa. Mzee aagize kitfo na aseme lebleb, watampashia moto juu juu, au aombe iliyoiva kabisa. Lebleb nayo haiondoi hatari yote, inaipunguza tu, na akiichagua iwe uamuzi wake mtu mzima. Wewe, bibi na watoto msiiguse isiyoiva. Kitfo huletwa na jibini laini jeupe isiyo na chumvi nyingi, ayib, ambayo inapoza pilipili na ambayo watoto huipenda.

Kwa nyama ya familia nzima, subirini Genna ipite kisha mwingie kwenye bucha zenye mgahawa. Utaratibu wake hautawapa shida watu wa Moshi: unachagua mnofu, unapimiwa kwa kilo, unakaangiwa papo hapo. Wanaiita tibs. Ombeni isiyo na pilipili, na mitmita iletwe pembeni. Siku hiyo ndiyo pia ya doro wot, tena mkibahatika kualikwa nyumbani kwa mtu ndipo mtaionja ile yenyewe. Wewe mpishi utaipenda siri yake: vitunguu vyekundu vingi vinakatwa vidogo sana na kupikwa polepole bila mafuta mpaka maji yake yote yakauke, siagi na berbere vinafuata baadaye. Ndiyo maana mchuzi unakuwa mzito bila unga. Kitimoto sahauni kabisa, Waorthodoksi wa kule hawali nguruwe na Waislamu hali kadhalika.

Vinywaji. Pombe yao maarufu ni tej, divai ya asali inayotiwa majani ya mmea uitwao gesho ili kuipa uchungu, kazi ile ile inayofanywa na magome ya msesewe kwenye mbege. Inaletwa kwenye chupa ya kioo yenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba. Utamu wake unadanganya: inateremka kama juisi, na nguvu yake unaijua ukisimama. Tella ni pombe ya nafaka, nyepesi zaidi, hupikwa sana majumbani. Kijana wenu mwambieni mapema kwamba Ethiopia ilipitisha sheria mwaka 2019 inayokataza kuuziwa pombe mtu aliye chini ya miaka 21. Hapa nyumbani ana haki ya kuagiza bia, kule hana. Watoto waombeeni birz, maji ya asali yasiyochachushwa, au spris, juisi nzito za matunda zilizopangwa kwa tabaka kwenye glasi moja, parachichi chini, embe juu. Na mkiletewa maji ya Ambo msishtuke, yana gesi ya asili kutoka ardhini. Bibi huenda akayapenda, mtoto atayatema.

Kahawa msiifanye jambo la kupitia. Sisi wa Kilimanjaro tunailima, tunaiuza, halafu tunakunywa chai. Wao karibu nusu ya kahawa yao wanainywa wenyewe, na namna ya kuinywa ni shughuli nzima. Mwanamke wa nyumba anatandaza majani sakafuni, anaosha buni, anaikaanga mbele yenu, anaupitisha moshi kila mtu aunuse, anaitwanga, kisha anaichemsha kwenye jebena, birika la udongo jeusi lenye shingo ndefu. Ubani unafuka pembeni. Inamiminwa mara tatu, na kila mzunguko una jina: abol, tona, baraka. Wa kwanza ni mkali, wa tatu ni mwepesi. Kuondoka kabla ya baraka si adabu, kwa hiyo msiiweke dakika thelathini kabla ya miadi mingine. Watoto wanapata bisi, na ndizo zitakazowatuliza. Bibi mwenye presha aombe kikombe cha mzunguko wa tatu, wenyeji watamwelewa.

Muziki ndio nilioufikiria zaidi, kwa sababu ya hao wawili, bibi na mtoto wa miaka 6.

Wengi watawapeleka kwenye mikahawa mikubwa ya utamaduni maeneo ya Bole. Yod Abyssinia na 2000 Habesha ndiyo yenye majina. Nendeni usiku mmoja, inatosha. Mnakula huku jukwaani wachezaji wakibadilisha mavazi na ngoma za makabila mbalimbali: Waamhara na eskista yao ya kutikisa mabega, Waoromo, Watigray, Waguragge wanaorukaruka kama wamekanyaga makaa. Ni onyesho la wageni, sikatai, na wenyeji wanaofanya sherehe nao hujaa. Wapiga vyombo ni mahiri. Keti mbali na spika kwa ajili ya bibi, na weka nafasi mapema wiki ya Genna. Hapo mtaona vyombo vyenyewe kwa karibu: masenqo yenye uzi mmoja wa singa za farasi, krar ya nyuzi tano au sita, filimbi ya washint na ngoma ya kebero.

Kitu halisi zaidi ni azmari. Huyu ni malenga anayetembea na masenqo yake kati ya meza, anamtazama mgeni na kumtungia beti hapo hapo, za sifa au za kejeli, mara nyingi zenye maana mbili. Ukumbi unacheka na wewe hujui umechekwa kwa lipi, kwa hiyo nendeni na mtu anayejua Kiamhara. Azmari hutunzwa kama waimbaji wa taarabu wanavyotunzwa kwetu, noti inabandikwa hata kwenye paji la uso. Kasoro ni kwamba nyumba zao huchangamka usiku sana na ni mahali pa pombe. Huo uwe usiku wenu wewe na mumeo, watoto wabaki na bibi hotelini. Mtaa wa Kazanchis uliosifika kwa nyumba hizi ulibomolewa sehemu kubwa mwaka 2024, hivyo vitabu vya zamani vya wasafiri vitawapeleka kwenye kifusi. Ulizeni mapokezi ya hoteli zimehamia wapi. Usiku huo huo kijana wa chuo anaweza kumtafuta mpiga jazi. Muziki unaoitwa Ethio-jazz ulianzishwa na Mulatu Astatke, mzaliwa wa Jimma mwaka 1943, aliyesoma Uingereza na Marekani kisha akaoanisha jazi na mizani, yaani mpangilio wa noti, ya nyimbo za kwao. Asikilize kidogo kabla ya safari, maana mizani hiyo ina sauti tano tu na sikio lisiloizoea hudhani mpigaji amekosea noti.

Lakini kama mngeniambia nichague muziki mmoja tu kwa watu wote sita, nisingechagua ukumbi. Ningewapeleka kanisani usiku wa tarehe 6 Januari. Hakuna spika zinazotetemesha kifua kama za ukumbini, hakuna pombe, hakuna kiingilio. Mapadri na waimbaji wao wamevaa mavazi meupe, wanasimama kwa safu wakiegemea bakora za sala, wanatikisa njuga za chuma ziitwazo tsenatsil, na ngoma ya kebero inaanza taratibu kisha inapanda pole pole mpaka safu nzima inayumba. Mapokeo yao yanasema nyimbo hizo zilitungwa na Mtakatifu Yared katika karne ya 6. Kanisa la Bole Medhane Alem ni kubwa sana na uwanja wake unabeba maelfu, kwa hiyo mtoto akisinzia mnaondoka bila kusumbua mtu. Wanawake mjifunike kichwa kwa shuka jeupe jepesi, mtalipata sokoni kwa bei nafuu. Viatu vinavuliwa mkiingia ndani, na wanaume na wanawake hukaa pande tofauti. Ibada inakesha, ninyi kaeni saa moja na nusu, inatosha. Nendeni na masweta. Addis iko mita zaidi ya 2,300 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Januari joto hushuka chini ya nyuzi 10.

Mwinuko huo ndio unaonifanya niseme bibi amwone daktari wake kabla hamjakata tiketi, na dawa zake za presha zisafiri kwenye mkoba wa mkononi. Siku ya kufika isiwe na ratiba. Mtu wa Moshi akipanda ngazi za ghorofa mbili kule atahema, na si uzee. Lalibela, najua mtashawishiwa nayo kwa kuwa Genna yake ndiyo yenye sifa, lakini iko mkoa wa Amhara ambako kumekuwa na mapigano tangu 2023. Bakini Addis, na kama mnataka kutoka mjini siku moja, nendeni Bishoftu kwenye maziwa yake, ni karibu.

Saa haitawasumbua. Wahabeshi wanahesabu kama Waswahili, saa moja asubuhi ni baada ya jua kuchomoza, na majira yao ni sawa na ya kwetu. Tiketi na hoteli zinatumia hesabu ya kimataifa, mtaani wanatumia ya kwenu. Tarehe ndiyo ya kuangalia, kalenda yao iko nyuma miaka saba au minane na ina miezi kumi na mitatu. Masharti ya viza yathibitisheni ubalozini kabla ya kulipia chochote.

Mawili ya mwisho yanahusu kurudi. Ethiopia imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Tanzania hudai kadi ya chanjo kwa anayetoka nchi za namna hiyo, kuanzia mtoto wa mwaka mmoja. Wote sita mchanjwe angalau siku kumi kabla ya safari, na kwa umri wa bibi daktari aamue kwanza, maana chanjo hiyo ina uangalifu wake kwa waliozidi miaka 60. Akishauriwa asichanjwe, apewe cheti cha daktari kinachoeleza hivyo. La pili ni la kijana wa chuo. Mirungi kule inauzwa wazi barabarani, mafungu yamefunikwa kwa majani ya migomba, na hakuna anayekukamata. Hapa kwetu ni dawa ya kulevya kisheria. Kabla hamjaelekea uwanja wa ndege kurudi KIA, wewe mwenyewe kagua begi lake, na mifuko ya koti pia.